Sanduku Lisilo na Matairi

Kisondela,
Jumapili, 10 Machi 2024

Mume wangu Ambindwile,

Miaka mitatu. Nimeihesabu kwa migomba. Ule niliopanda wiki tuliyomzika babu yako ulizaa ukakatwa, mtoto wake akazaa akakatwa, na mjukuu wake sasa amebeba mkungu hadi nimemwekea nguzo. Wewe sijaona hata kivuli chako. Mume gani huyo? Kama si mimi niliyekubeba mgongoni na kukufuta makamasi, ningesema nimeolewa na upepo.

Mpanda si Ulaya. Siwema wa duka la pale stendi ameniambia mtu akipanda basi huko leo, kesho yuko Tukuyu anakunywa chai. Kwa hiyo usinidanganye na mambo ya umbali.

Usiniambie pia habari za simu. Ile uliyonitumia nimempa Simon, fundi mbao jirani yetu, maana sikio langu halishiki sauti ya simu, nasikia kama nyuki ndani ya debe. Na ulipokuwa unapiga ulikuwa na neno moja tu, nitakuja Bibi, nitakuja Bibi, kisha unasema mtandao umekata. Kwenye barua mtandao haukati. Shule sikukaa hata siku moja, herufi zangu ni za ngumbaru, darasa la watu wazima, nilizipata nikiwa na mimba ya mama yako. Soma polepole, na neno likiwa limekaa vibaya ulinyooshe mwenyewe.

Humu kwenye boksi mna sabuni kumi. Sikununua. Maparachichi ambayo wanunuzi wanayakataa kwa kuwa yana doa, nayakamua mafuta, natia na mawese kidogo ya Kyela, na kostiki ya kugandisha mafuta ananiletea Siwema. Hayo ni ya kila mtu. Harufu ndiyo yangu. Ukifungua utaijua, huna haja ya kuuliza.

Ni maranda ya babu yako. Aliacha gunia moja karakanani, maranda ya saiprasi, ya ule mti mkubwa wa kanisani ulioangushwa na upepo. Miaka miwili sikuligusa. Mwaka jana nikalifungua nikaingiza uso mzima ndani, nikatoka na maranda kichwani kama kuku aliyelala bandani. Nikawaza, hii harufu ikitoroka humu ndani nitaifuata wapi? Ndipo nikayaloweka kwenye mafuta, nikaiweka sufuria kwenye kichanja juu ya moto wiki tatu, nikachuja, nikapikia sabuni.

Mimi mzima. Mvua inanyesha kama kawaida yake. Napika ndizi tatu kwenye sufuria ya ndizi ishirini, kwa sababu sufuria ndogo sina, sikuwahi kuihitaji.

Oga nazo, usizitunze. Na ujibu.

Mke wako mzee,
Esnath


Mpanda,
2 Aprili 2024

Shikamoo Bibi, shikamoo mke wangu,

Boksi limefika salama. Nililifungulia stoo ya kazini, katikati ya mabomba na mapipa ya grisi, na mwenzangu aliyekuwa nje akaingia akiuliza ni nani anapiga randa humu ndani. Nilimwambia ni sabuni tu, nimeletewa na mke wangu. Akacheka, akasema huyo mke nimtunze. Nilitoka nje nikasingizia vumbi limeniingia machoni.

Naoga nazo asubuhi na jioni. Maji ya visima vya huku yana chumvi, sabuni za dukani hazitoi povu, lakini yako inatoa. Grisi ya pampu inatoka mpaka kwenye kucha. Watu wananiuliza nimepaka nini.

Kuja nitakuja. Kazi ndiyo inanibana. Tuna visima kumi na vinne vya vijiji na mafundi tuko wawili. Mwezi wa sita nitaomba likizo, safari hii naomba kweli.

Habari za babu siwezi kuandika, Bibi. Nimeanza mara tatu nimechana.

Kama gunia bado lina kitu, naomba nyingine. Hata kumi tena.

Mjukuu wako na mume wako,
Ambindwile


Kisondela,
Jumapili, 26 Mei 2024

Mume wangu,

Sabuni kumi zimekwisha ndani ya mwezi mmoja? Unaoga wewe au unaogesha ng'ombe wa Katavi wote? Basi oga, usafi si dhambi.

Gunia limekwisha. Nimelikung'uta, nimelipindua, nimeokota hata yale yaliyonasa kwenye mshono. Lakini siwezi kumtumia mume wangu boksi tupu, kwa hiyo nimepata njia.

Unakumbuka ule mti ulipoanguka, kanisa lilichukua mbao za mabenchi na babu yako akapewa sehemu yake. Alizikausha miaka miwili. Kisha akazigawa mafungu mawili sawasawa, mbao nane na mbao nane, akaandika kwa ile penseli yake ya sikioni, fungu moja A kwa Amoni, jingine E kwa Esnath. Fungu la A lilishuka darini miaka mitatu iliyopita. La E bado liko juu. Hizo ndizo mbao za sanduku langu.

Nimeshusha ubao mmoja nikaupiga randa ubavuni, kidogo tu. Mkono wangu haujui randa, inarukaruka kama mbuzi jike. Lakini maranda yalitoka, na harufu ikaja ile ile, maana mti ni ule ule. Nilisimama pale nikasema, kumbe umekuwa juu ya kichwa changu siku zote, mzee, na mimi nakutafuta guniani.

Usiniulize kwa nini sabuni inachelewa. Ikishakuwa nzito kama uji wa ulezi, hadi mwiko unaacha njia juu yake, naimimina kwenye kiboksi. Kesho yake naikata kwa waya. Kisha inakaa juu ya kichanja wiki sita, na kwa ukungu wetu huu mara nyingine saba. Naionja kwa ncha ya ulimi. Ikiuma, bado. Ikinyamaza, imeiva. Ukiipeleka mbio itakuchubua ngozi. Kwa hiyo hizi kumi na mbili nilizianza kabla barua yako haijafika. Nilijua utaomba.

Sasa la muhimu. Simon tangu mwaka jana anataka kulipigilia sanduku langu, anasema Bibi likae tayari. Nimemkatalia. Babu yako alisema mkono wa kulipigilia ni wako, na aliyekufundisha kushika nyundo ni yeye, si Simon. Njoo ulipigilie. Lipande juu darini likakae, mimi niache kulifikiria kila mvua inapovuja.

Mwezi wa sita umesema. Nimeandika ukutani kwa mkaa.

Esnath wako


Mpanda,
30 Juni 2024

Shikamoo Bibi,

Nimeona aibu. Mwanamke wa heshima kama wewe, vitenge vyako vinangoja mbao na misumari, wakati mimi nafanya kazi na mshahara napata. Jana nimepita madukani nimekununulia sanduku. Jekundu, gumu, lina matairi manne na mkono wa kuvutia. Panya hawezi kulitoboa na mvua ikivuja haliingizi maji. Lina kufuli la namba, nimeweka 1948, mwaka ulioniambia umezaliwa. Nimelitia kwenye basi, litashushwa dukani kwa Mama Siwema.

Kwa hiyo usihangaike na kupigilia tena. Zile mbao zitumie zote kwa sabuni, maana hizi za mwisho zinanukia kuliko za kwanza.

Likizo haikutoka. Mwenzangu alianguka kutoka kwenye mnara wa tangi akavunjika mguu, nimebaki peke yangu na visima kumi na vinne. Nisamehe. Futa ule mkaa.

Wako,
Ambindwile


Kisondela,
Jumapili, 21 Julai 2024

Ambindwile,

Sanduku limefika. Siwema alilileta mwenyewe kwa pikipiki, limefungwa nyuma, limesimama wima kama abiria mwenye maringo. Barabara nzima waliliona. Kabla ya jioni kina mama wa kanisani walikuwa mlangoni na wimbo wa kuaga, wamesikia nahamia Mpanda kwa mjukuu. Mmoja alikuwa ameshaulizia shamba langu nitamwachia nani. Nikawaambia kaeni chini mnywe chai, mume wangu hajanialika.

Nimejaribu kulivuta. Matairi hayo yanataka sakafu, mwanangu. Kwenye tope letu yanakwama hatua ya pili. Sasa liko jikoni, wazi, nimepanga sabuni humo ndani zikauke, na kuku wangu mweusi ametagia pembeni ambapo hakuna sabuni. Asante. Nasema kwa moyo, rangi ni nzuri na namba nimeikariri.

Lakini sanduku ninalosema halina matairi wala kufuli. Kaa chini ufikiri, wewe ndiye uliyesoma. Ningekuandikia kwa herufi kubwa, ila ukielewa utakuja mbio kwa hofu, na mimi sitaki mtu wa hofu nyumbani kwangu. Nataka mtu wa chai.

Umesema nizitumie mbao zote. Sawa. Umesema wewe. Nimeshapiga randa ya tatu na ya nne, na mkono sasa umezoea kidogo, maranda yanatoka marefu, yanajikunja kama nywele za mtoto mchanga. Simon alipita akaunyanyua ubao mmoja akautazama kwenye mwanga. Akasema, Bibi, huu hautabeba mtu. Nikamwambia mimi pia nimepungua, tutakwenda sawa.

Hakucheka. Huyu Simon ni fundi mzuri lakini utani hajui. Nyumba hii ilikuwa na watu wawili wanaojua utani na wote wameniacha, mmoja kwa ruhusa na mmoja bila ruhusa.

Sabuni kumi na mbili hizi hapa. Oga.

Bibi yako,
Esnath


Mpanda,
5 Septemba 2024

Shikamoo Bibi,

Naandika nikiwa juu ya gari, nisamehe mwandiko. Huku kumekauka. Pampu mbili zimekufa wiki moja, watu wanapanga ndoo tangu alfajiri na wakiniona wananitazama kama mimi ndiye niliyekunywa maji yao.

Habari ya sanduku sijaielewa, Bibi. Utanieleza nikija.

Naomba sabuni, hata sita. Harufu inaisha.

Ambindwile


Bulyaga, Tukuyu
14 Novemba 2024

Kwa kijana wangu Ambindwile,

Salaam aleikum, na baada ya salamu, ni mimi Siwema wa duka la stendi, ninayepokea na kutuma maboksi yenu. Bibi yako amenikataza kuandika barua hii. Naandika, na nikifika kwake nitamwambia nimeandika, kwa maana huyu si mtu wa kufichwa.

Hujajibiwa tangu mwezi wa tisa kwa sababu bibi yako hawezi kushika kalamu. Alikuwa anapiga randa peke yake karakanani, ubao umelazwa juu ya magoti. Randa ikateleza ikamchukua nyama ya kiganja cha kulia. Alifunga kitenge akaendelea na kazi zake, mpaka Simon alipoona damu kwenye ndoo. Zahanati wamemshona nyuzi saba. Kidonda kilichelewa, kikamletea homa, amelala wiki tatu. Sasa anakaa nje mchana. Anakula. Matusi yamerudi, kwa hiyo nina matumaini.

Nilimuuliza, Mama Esnath, mwanamke wa miaka yako na randa mnafanyiana nini? Akasema anampikia mumewe sabuni.

Mwanangu, kwetu sisi mtu anakwenda na sanda yake tu, hatuzikwi na sanduku. Ndiyo maana hata mimi mwanzoni sikuelewa, nilidhani bibi yako anatengeneza kabati. Simon ndiye aliyenifahamisha. Mbao zile zenye herufi E ni za jeneza lake. Mzee Amoni alilala katika zile za A. Bibi yako amekuwa akizikwangua za kwake ili upate harufu uliyoiomba. Zilikuwa nane. Nimeziona kwa macho yangu, tano zimebaki nyembamba kama jalada la daftari.

Lingine ni langu. Siku ya mazishi ya mzee nilikuona hapa stendi, umekaa kwenye benchi la mbele ya duka, una begi mapajani. Nilikuwa na wateja. Nikasema nikimaliza nitamwita nimpe hata maji. Nilipomaliza, benchi lilikuwa tupu na basi la Mbeya limeondoka. Nimelibeba hilo muda wote.

Wassalaam,
Siwema


Mpanda,
24 Novemba 2024

Shikamoo Bibi,

Barua ya Mama Siwema imenifikia jana. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa.

Nianze na uongo mdogo. Sioshi grisi kwa sabuni zako. Ile ya kwanza nilioga nayo siku moja, nikaona imepungua, kona zimelainika, nikaogopa. Nikaikausha nikairudisha. Ulinitumia thelathini na nne. Thelathini na tatu ziko kwenye rafu chumbani, nimezipanga kama matofali, na ile moja iko juu yake peke yake. Zikipoteza harufu nakuomba nyingine. Nikirudi kazini nafunga mlango, nakaa kitandani, chumba kinakuwa karakana. Hakuna mtu mwingine humu, Bibi. Nilikuwa nakaa na babu.

Sikujua unanikatia jeneza lako. Au niseme ukweli, nilijua nusu. Ulipoandika fungu la A lilishuka darini, mkono wangu ulisimama pale kwenye karatasi. Neno sanduku lina maana mbili, nami nikachagua lile lenye matairi.

Sasa uongo mkubwa. Nilikwambia kwamba basi liliharibika njiani siku ya mazishi na sikuweza kufika. Liliharibika kweli, tulikaa porini saa sita. Lakini nilifika. Nilishuka stendi ya Tukuyu saa kumi jioni nikamuuliza kijana wa pikipiki, kuna msiba wa mzee Amoni kule Kisondela, nimewahi? Akasema, umechelewa kaka, wameshazika, nimetoka kuwashusha watu huko. Nikakaa kwenye benchi. Nikaona mikono yangu. Babu alisema mimi ndiye nitakayepigilia lake, na mtu mwingine ameshapigilia. Niliwaza nikiingia nyumbani utaniangalia mikono kwanza. Sikuweza. Kila mwaka uliopita umefanya benchi lile liwe refu zaidi.

Nimeomba likizo, nimeandikiwa, karatasi ninayo. Natoka huku tarehe 20 Desemba. Nitakuja na mbao za mninga, mninga wa Katavi ni mgumu na mchwa hauwezi. Nitalitengeneza lote upya. Usiguse randa. Nakuomba kwa jina la babu, usiiguse.

Mjukuu wako,
Ambindwile


Kisondela,
Jumapili, 8 Desemba 2024

Mume wangu Ambindwile,

Herufi zimelala kwa sababu mkono bado haujakunja vizuri. Usianze kulia, kidonda kimefunga, kimeacha mstari kama barabara ya kwenda Lufingo, imepinda lakini inapitika.

Siwema alikuja kuniambia ameniasi akakuandikia. Nimemtukana, kisha nimemwekea ndizi za mbalaga akala sahani mbili.

Sasa na wewe nisikilize. Siku ya tatu ya msiba Siwema alikuja kunipa pole, akaniambia, Mama Esnath, mjukuu wako nilimwona stendi, akarudi. Nimejua tangu siku hiyo. Miaka mitatu na miezi tisa nimejua. Unasema ulikuwa unaogopa nitazame mikono yako. Mimi nilikuwa nangoja uilete. Nilifikiri nikisema najua, utaona aibu ukimbie mbali zaidi ya Mpanda, na mbele ya Mpanda sijui kuna nini. Kwa hiyo nikanyamaza, nikapika sabuni. Labda hapo nilikosea. Mtu asiyejua kunyamaza akijaribu kunyamaza anaharibu.

Na kuna jambo hulijui. Tulikungoja. Mchungaji alitazama saa mpaka akachoka, wingu lilikuwa limeshashuka mlimani. Nikamwambia Simon apigilie, ila abakize msumari mmoja, kona ya miguuni upande wa kushoto, huo ni wa Ambindwile. Niliushika kwenye pindo la kitenge mpaka kaburini, natazama njia. Udongo ulipoanza kuingia bado nilikuwa nao. Babu yako amelala na msumari mmoja pungufu na hajaja kulalamika hata mara moja. Ninao mpaka leo. Naupaka mafuta ya parachichi usishike kutu. Huo utaanza nao kwenye langu.

Mninga usilete mzigo mzima. Ni mzito mno, wale watu sita watakaonibeba watanilaani njia nzima na mimi sitaweza kujibu. Lete ubao mmoja tu, wa chini, wa kunishika mgongo. Kwingine kote nataka saiprasi yangu, hata ikiwa nyembamba. Nimelala karibu na harufu hiyo miaka hamsini na mbili, nitalala nayo tena. Udongo haupimi unene.

Sabuni zilete zote thelathini na tatu. Na ile moja iliyolainika kona. Hiyo moja ni yako, utanawia mikono ukimaliza kupiga randa, nami nitakaa mlangoni kuhakikisha unaitumia mpaka iishe, maana sabuni isiyoogewa ni mafuta yaliyopotea. Hizo nyingine zitakaa kwenye sanduku lako jekundu, kuku nimeshamhamisha. Siku yangu ikifika kina mama wataniogesha nazo, na zitakazobaki mtawapa waliobeba. Kwa hiyo usidhani mbao zangu umezimaliza. Zimekwenda Mpanda kutembea tu, zinarudi.

Sufuria kubwa nimeisugua. Tarehe 21 nitapika ya ndizi ishirini.

Ukishuka stendi ya Tukuyu, msalimie Siwema ukiwa umesimama. Kwenye lile benchi usikae. Na usimuulize mtu yeyote kama umechelewa. Panda pikipiki uje.

Mke wako,
Esnath